Taji la Jua, na Sababu za Kuonekana Kwake kwa Nadra

Mkulima wa Kwamsisi, katika nchi ya Handeni, akisimama na jembe lake saa sita ya mchana, hudhani kwamba jua lililo juu yake liko wazi lote, wala halina siri. Kumbe yamfikiayo macho ni sehemu tu ya jua. Kulizunguka pande zote kuna nuru nyingine, nyeupe na laini kama lulu, iliyotandaa mbali kupita upana wa jua lenyewe. Nuru hiyo iko pale kila siku, tangu jua kuchomoza hata kuchwa, juu ya Kwamsisi na Korogwe na juu ya nchi zote. Walakini watu wengi huishi hata wakazeeka bila kuiona mara moja. Wataalamu wa elimu ya nyota huiita korona, neno la Kilatini ambalo maana yake ni taji, na kwa Kiswahili jina la taji la jua laifaa vizuri.

Watu wamezoea kufikiri kwamba giza ndilo lifichalo vitu. Taji la jua halifichwi na giza, hufichwa na nuru. Kimulimuli akiruka usiku shambani, mtoto humwona kutoka mbali. Lakini kimulimuli huyo huyo akitua juu ya kioo cha karabai inayowaka, hakuna amwonaye, ingawa nuru yake haikupungua hata kidogo. Ndivyo yalivyo mambo ya taji. Nuru yake yote ikikusanywa pamoja ni karibu sawa na ile ya mwezi mpevu, nayo si haba kwa mtu anayetembea njiani usiku. Lakini uso wa jua hung'aa mara milioni moja kuliko taji.

Basi mtu aweza kuuliza, mbona lisifichwe jua kwa kitu cho chote, kwa mkono au kwa ukuta wa nyumba, taji likabaki peke yake? Jambo hilo limejaribiwa, nalo halifai, kwa sababu ya hewa. Nuru ya jua haiji chini kwa njia moja iliyonyoka. Hugonga hewa, na vumbi, na matone madogo ya maji, ikatawanyika huku na huku, na kwa sababu hiyo mbingu huwa na mwanga mahali pote. Huko Kwamsisi wakati wa kiangazi, wakulima wanapochoma mashamba wakingoja mvua, moshi na vumbi hupanda angani, na pepo za baharini huleta unyevu kutoka upande wa Pangani. Hapo mbingu iliyo karibu na jua haina hata rangi ya samawati, ni nyeupe tupu. Weupe huo hung'aa mara mamia kuliko taji. Mkono unaweza kulificha jua, lakini hauwezi kuificha mbingu, maana mbingu iko mbele ya taji, kati yake na jicho.

Kwa hiyo kizuizi hakina budi kuwekwa mbali, nje ya hewa yote, ili kivuli chake kiifunike hewa yenyewe. Tangu zamani kizuizi cha namna hiyo kimekuwa kimoja tu, nacho ni mwezi. Upana wa jua ni kama mara 400 ya upana wa mwezi, lakini umbali wake kutoka duniani pia ni kama mara 400 ya umbali wa mwezi. Hivyo kwa macho ya watu vyote viwili huonekana karibu sawa. Hakuna sheria iliyolazimisha iwe hivi, imetukia tu. Kama mwezi ungalikuwa mdogo kidogo, labda watu wasingalijua kwamba jua lina taji, mpaka siku hizi za vyombo vya angani.

Wenyeji wa pwani husema kwamba jua limepatwa, kana kwamba limekamatwa na kitu. Neno hilo ni sawa, ila ni lazima kutofautisha kupatwa na kupatwa. Tarehe 1 Septemba 2016 watu wengi, na wanafunzi kati yao, walikusanyika Rujewa, katika mkoa wa Mbeya, kwa maana mwezi ulikuwa unapita katikati kabisa ya jua. Karibu na saa sita ya mchana mwezi uliingia wote ndani ya duara la jua, ikabaki pete ya moto kwa muda wa dakika tatu hivi. Siku hiyo Handeni na Korogwe jua lilipatwa sehemu kubwa, lakini si katikati, likawa kama mundu. Na chini ya miembe, po pote mbingu zilipokuwa wazi, madoa ya mwanga yapitayo katikati ya majani yaligeuka kuwa mamia ya miundu midogo mchangani.

Je, watu wa Rujewa waliliona taji? Hawakuliona. Mwezi haukai umbali ule ule sikuzote. Mara huwa kilometa 357,000 kutoka duniani, mara huenda mbali kupita kilometa 405,000. Siku ile ulikuwa mbali, na upana wake ulifika sehemu 97 tu katika 100 za upana wa jua. Kwa hiyo sehemu 5 hivi katika 100 za uso wa jua zilibaki wazi. Sehemu hizo ni chache, lakini hesabu yaonyesha jinsi zilivyo na nguvu: hata pete ile nyembamba iling'aa mara makumi ya elfu kuliko taji zima. Kulificha jua karibu lote ni kama kutolificha. Lazima lifunikwe lote, pasibaki hata uzi.

Jambo hili linahusu usalama wa macho pia. Katika kupatwa kwa pete, au kwa mundu, haifai kabisa kulitazama jua kwa macho matupu, hata likibaki kidogo namna gani. Utando ulio nyuma ya jicho hauna hisia ya maumivu. Huungua kimya, na mtoto hajui mpaka baadaye, aonapo doa jeusi mahali pa herufi za kitabu chake. Kioo kilichofukizwa moshi hakitoshi, wala miwani ya kawaida ya jua, wala picha ya hospitali ya mifupa, wala kulitazama ndani ya beseni la maji. Kilicho salama ni miwani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, au kutoboa tundu dogo katika karatasi ngumu, kulipa jua mgongo, na kutazama sura yake iangukayo chini. Ni katika dakika zile tu ambapo jua limefunikwa kabisa ndipo taji huweza kutazamwa kwa macho matupu bila madhara.

Dakika hizo ni chache. Kupatwa kabisa hakuwezi kudumu mahali pamoja zaidi ya dakika 7 na nusu hivi, na mara nyingi hakufiki hata 3. Tena kivuli cha mwezi ni chembamba. Mahali pamoja hupitiwa, kwa wastani, mara moja katika miaka kama 370. Mwenye kulichunguza taji hana budi kukifuata kivuli kiendako, kama mchungaji afuatavyo mvua, na kuchukua vyombo vyake vyote mahali pasipo na barabara wala umeme.

Afrika ya Mashariki imewaona wasafiri wa namna hiyo. Tarehe 30 Juni 1973 kivuli kilivuka bara kutoka magharibi, kikapita juu ya Ziwa Rudolf, ambalo sasa huitwa Ziwa Turkana, kaskazini ya Kenya. Wataalamu walipiga kambi Loiyangalani, katika nchi ya mawe na pepo kali, wakapata dakika zaidi ya nne. Siku hiyo hiyo wenzao walitumia hila nyingine. Walipanda ndege ya Concorde, iliyokwenda mbio kuliko sauti, wakaruka kutoka Visiwa vya Canary kuelekea Chad pamoja na kivuli chenyewe. Matundu yalikuwa yametobolewa katika dari ya ndege ili vyombo vipate kuona. Kwa njia hiyo walikaa chini ya kivuli muda wa dakika 74, muda ambao hakuna mtu aliyesimama ardhini awezaye kuupata. Hila hii ilikuwa ya gharama kubwa, na ndege hutikisika, lakini haikosi kustaajabisha.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 23 Oktoba 1976, kivuli kilianza safari yake hapa Tanzania, asubuhi mapema, jua likiwa ndiyo kwanza limechomoza. Kuna shida nyingine katika saa hiyo. Nuru ya jua lililo chini hupita katika hewa nyingi sana kabla ya kufika jichoni, kama mtu avukaye mto kwa mshazari badala ya kuukata. Na nuru hafifu ya taji hupotea njiani. Na tarehe 3 Novemba 2013 kivuli kilipita Uganda na kaskazini ya Kenya. Huko Pakwach, karibu na Mto Nili, giza lilidumu yapata sekunde 20 tu. Waliosafiri siku nyingi mpaka Ziwa Turkana walipata hasara zaidi, maana kabla ya saa yenyewe kufika ilivuma dhoruba ya mchanga ikalifunika anga. Wingu moja laweza kuipoteza kazi ya miaka miwili.

Hata mbingu zikiwa safi, shida hazijaisha. Zamani, kabla ya kupiga picha kujulikana, watazamaji walichora taji kwa mkono, na watu wawili waliosimama mahali pamoja walileta michoro isiyofanana. Wengine walibishana hata kama taji ni la jua, au la mwezi, au ni hewa ya dunia tu. Picha nzuri ya kwanza ilipigwa tarehe 28 Julai 1851 na mtu aliyeitwa Berkowski, katika mji wa Königsberg. Lakini picha nayo ina udhaifu wake. Taji lililo karibu na jua hung'aa mara nyingi sana kuliko lile la mbali. Mpiga picha akiacha nuru iingie kidogo, hupata sehemu ya ndani na kupoteza miali ya nje; akiacha iingie kwa muda mrefu, miali hutokea lakini sehemu ya ndani huwa weupe mtupu. Ni kama kumpiga picha mtu aliyesimama mlangoni mchana, nusu ndani na nusu nje. Siku hizi hupigwa picha nyingi za nuru mbalimbali, kisha huunganishwa kwa kompyuta kuwa moja.

Picha hizo huonyesha kwamba taji si moshi uliotanda ovyo. Lina umbo. Kuna mapinde yaliyoinuka na kurudi chini, kuna miali mirefu iliyochongoka kama petali za ua, na kwenye ncha za kaskazini na kusini kuna nyuzi nyembamba zilizosimama. Mwanafunzi aliyewahi kunyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi, na sumaku chini yake, atalitambua umbo hilo mara moja, maana ni nguvu ya sumaku ya jua inayolipanga taji hivyo. Nguvu hiyo hubadilika katika mzunguko wa miaka kama 11, na taji hubadilika nayo; mwaka ambapo jua lina madoa mengi taji huwa la mviringo, na mwaka wa madoa machache hunyooka kushoto na kulia. Walakini taji ni kitu kipenyevu, kama hewa ya mbali. Jicho huliona la mbele, la kati na la nyuma yote kwa pamoja, yamelaliana. Mtu aonaye kwa mbali moshi wa meko matatu umechanganyika hawezi kusema kwa hakika upi umetoka wapi. Na watazamaji wa taji wana taabu hiyo hiyo mpaka leo.

Tena kuna fumbo kubwa kuliko hayo. Mwaka 1869 Wamarekani wawili, Young na Harkness, walipitisha nuru ya taji katika chombo kinachoitenga nuru kuwa rangi zake kama upinde wa mvua, wakaona mstari wa kijani usiofanana na wa kitu cho chote kilichojulikana duniani. Ikadhaniwa ni madini mapya, ikapewa jina la koronio. Zaidi ya miaka 70 ilipita kabla ya Grotrian, Mjerumani, na Edlén, Mswidi, kuonyesha kwamba madini hayo hayako. Mstari ule watoka katika chuma, chuma kama cha jembe, isipokuwa kila chembe yake imepotewa na vijichembe 13 vya umeme kati ya 26 ilivyokuwa navyo. Kuving'oa vijichembe hivyo kwataka joto la kutisha. Ndipo ilipojulikana kwamba taji lina joto lipitalo digrii milioni moja, hali uso wa jua ulio chini yake una digrii 5,500 tu.

Mtu aondokaye penye moto husikia baridi kadiri anavyokwenda mbali. Juu ya jua mambo ni kinyume. Yajulikana kwamba sumaku ya jua ndiyo inayolichukua joto hilo juu. Ni kwa njia gani hasa, wataalamu hawajakubaliana. Kwa sababu hiyo wanahitaji kuiona sehemu ya ndani kabisa ya taji, karibu na uso, maana huko ndiko joto linakoanzia. Nayo ndiyo sehemu iliyo ngumu kuliko zote kuonekana.

Mfaransa mmoja, Bernard Lyot, alichoka kuungoja mwezi. Katika miaka ya 1930 na 1931 alitengeneza darubini yenye kisahani kidogo ndani yake cha kulifunika jua, akaipeleka juu ya mlima Pic du Midi, wenye urefu wa mita 2,877, ambako hewa ni chache na safi. Adui yake mkuu alikuwa vumbi. Chembe moja juu ya kioo, au mkwaruzo usioonekana kwa jicho, hutawanya nuru ya kutosha kulizamisha taji. Kwa hiyo vioo vyake vilisuguliwa na kusafishwa kwa uangalifu usio na kifani. Alifaulu, lakini kwa sehemu ya ndani tu, na kwa siku ambazo mbingu ni safi mno. Milima ya Usambara, ionekanayo vizuri kutoka Korogwe, haingefaa kwa kazi hiyo. Haifiki mita 2,500, na mawingu ya bahari hulala juu yake siku nyingi za mwaka; mawingu hayo ni baraka kwa migomba na chai, si kwa darubini.

Dawa ya hewa ni kuiacha kabisa. Chombo kiitwacho SOHO kilirushwa tarehe 2 Desemba 1995, kikakaa kilometa milioni moja na nusu kutoka duniani upande wa jua, nacho kimelipiga taji picha kwa miaka mingi usiku na mchana. Huko hakuna vumbi wala wingu. Lakini shida moja ilisafiri pamoja nacho. Nuru ikipita kwenye ukingo wa kitu hujikunja kidogo na kuingia kivulini. Na kadiri kizuizi kilivyo karibu na darubini, ndivyo nuru hiyo ya ukingoni inavyosumbua. Ili kuizuia, kisahani hufanywa kikubwa kupita jua, na hivyo huificha pia ile sehemu ya ndani inayotafutwa. Mwezi hauna kasoro hiyo kwa kuwa uko mbali sana.

Basi nchi za Ulaya zikaazimu kuuiga mwezi. Tarehe 5 Desemba 2024 vyombo viwili vya Proba-3 vilirushwa kutoka India. Huruka pamoja, mita 150 kati yao, na kimoja hubeba sahani yenye upana wa mita 1.4 na kukitilia kivuli mwenzake chenye darubini. Kivuli hakina budi kuangukia mahali pake, kwa hitilafu isiyopita milimeta moja hivi. Mwezi wa Juni 2025 picha zake za kwanza zilitolewa, zikionyesha taji hata karibu na uso wa jua. Kupatwa huko kwa kubuni kwaweza kudumu saa nyingi mahali pa dakika chache.

Wamarekani walishika njia nyingine, wakatuma chombo ndani ya taji lenyewe. Chombo cha Parker kilirushwa mwaka 2018, kikaingia katika taji mwaka 2021, na tarehe 24 Desemba 2024 kilipita kilometa milioni 6.1 tu kutoka uso wa jua. Hakikuyeyuka, kwa sababu taji ni jepesi mno. Mwoka mikate huingiza mkono katika tanuri kwa nukta moja asiungue, lakini akigusa chuma cha tanuri hilo hilo huungua papo hapo. Chembe za taji ni za moto sana, ila ni chache. Mbele yake kuna ngao ya kaboni yenye unene wa sentimeta 11. Hata hivyo hakithubutu kulielekezea jua kamera yake, hutazama kando.

Kazi hii si ya udadisi tu. Taji hulipuka mara kwa mara na kutupa mawingu makubwa ya chembe zenye umeme, na mengine huielekea dunia. Tarehe 13 Machi 1989 moja liliuzima umeme wa jimbo la Quebec, nchini Kanada, kwa muda wa saa 9. Simu, redio, ndege na vyombo vya angani vinavyoongoza meli baharini vyote huweza kudhurika, na wataalamu hawawezi kutabiri vizuri mlipuko ambao hawakuuona ukianza.

Tarehe 2 Agosti 2027 mwezi utalifunika jua kabisa, na kivuli kitapita Misri, Saudia, Yemeni na pembe ya Somalia. Huko Luxor giza litadumu zaidi ya dakika 6. Tarehe 21 Mei 2031 kivuli kingine kitavuka Tanzania, lakini mwezi utakuwa mbali tena, na kitakachoonekana ni pete, kama ile ya Rujewa, pasipo taji.